Tuliitikia Salamu, Hatukuridhia

Ndugu Mratibu wa Ushirikishwaji wa Wadau,
Shirika la Tunza Bonde.

YAH: KINYUNGU CHANGU KUONDOKA NA SALAMU

Kichwa hapo juu kinajieleza, lakini kwa kuwa ofisi yako hupenda maelezo, nitaeleza.

Mwaka jana mlikuja kijijini kwetu, huku juu ya Nyololo, kutushirikisha kuhusu kuhifadhi chemchemi. Afisa wenu alisimama akatusalimu kwa salamu ya kwetu: "Kamwene!" Nasi, watu tuliolelewa, tukaitikia wote: "Kamwene!" Muhtasari wenu ukaandika kwamba wananchi wameridhia kwa sauti moja. Wiki iliyofuata vigingi vilisimama kati yangu na kinyungu changu, bustani ya bondeni iliyotulisha mahindi mabichi na maharage kiangazi chote. Nimeumia sana.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Salamu yetu haina kipengele cha ardhi. Tungejua, tungekohoa tu.

2. Maswali yetu mlisema yamepokelewa. Naomba kujua yanakaa wapi, maana halijarudi hata moja.

3. Mliamuru nikae mita sitini kutoka kwenye maji. Nimetii. Lakini masika maji yenyewe hunifuata mpaka mlangoni, pasipo kuitisha kikao. Naomba nayo yashirikishwe, na yawekewe vigingi vyao.

4. Kijiji sasa hakiitikii salamu ya yeyote aliyevaa fulana ya shirika. Jumapili mchungaji alipanda madhabahuni na ile mliyomgawia, akasema "Bwana Yesu asifiwe," kanisa zima kimya. Tulimwonea huruma, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kwa hiyo ving'oeni vigingi, nirudi kinyunguni kwangu. Si uungwana kumwamulia mtu mambo ya nyumbani kwake bila kumuuliza.

Wasalimie wote ofisini, dereva, na mama anayewapikia chai. Hizi ni salamu tu, msiziandike popote.

Mdau wenu bila kutaka,
Ambrosi Kalinga

N.B. Kabla ya kuifunga barua hii nimemsomea mke wangu, Tekla. Anasema tangu vigingi viwekwe chemchemi haijakauka. Oktoba hii anachota hapo bondeni, wakati miaka yote alivuka kilima cha pili na ndoo kichwani. Vigingi visiguswe, anasema. Nikamweleza kwamba sisi wenye kaya tulishakubaliana kulalamika. Akaniuliza, "Mimi mlinishirikisha lini?"

Vigingi vibaki.