Nafasi Kando ya Lea

Jumatatu, 11 Januari 1954. Kinampanda.

Mvua usiku kucha. Kifua kibaya. Mchungaji ameshauri niandike dhambi zangu siku kwa siku, maana nikingoja kuziungama zote kwa pamoja pumzi haitatosha. Ushauri mzuri. Naanza na ya leo, ingawa bado sijaitenda.

Shida ni korongo. Linatoka bondeni, na kila msimu wa mvua linapanda kuelekea kaburi la mke wangu, Lea. Makaburi ya wazazi wake, yaliyokuwa chini yake, lilishayameza. Upande wa juu ni mwamba mtupu. Kati ya Lea na ukingo imebaki nafasi ya mtu mmoja. Mtu huyo ni mimi. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, nimehamishwa shule hadi shule, sikuwahi kuwa na mahali pangu. Hapo ndipo mahali pangu.

Antipasi, kaka yake Lea, anasema ni pake. Ardhi ni ya baba yake, anasema, na mimi nilikuja hapa na sanduku na baiskeli. Kuhusu baiskeli ni kweli.

Sasa yupo mtaalamu Mzungu anayechunguza jinsi mvua inavyokula ardhi. Watu wanamwita Bwana Udongo. Mwezi wa Novemba alipigilia vigingi vyekundu juu ya makorongo kadhaa, letu likiwemo, akapima kutoka kila kigingi hadi ukingoni. Jumanne ijayo anarudi kupima tena. Korongo litakaloonekana kusogea kuliko mengine ndilo litakalojengewa kuta za mawe, kwa majaribio. Yote haya nimeelezwa na msaidizi wake, Stefano, ambaye nilimfundisha hesabu.

Korongo letu linasogea. Naogopa halisogei vya kutosha. Nimeamua kulisaidia. Korongo lenyewe silisaidii, nasaidia vigingi. Kigingi kikikaribia ukingo, watadhani ukingo ndio uliokifuata.

Jumatano, 13 Januari

Nilimuaga binti yangu Kristina kwamba nakwenda kusali kaburini kwa mama yake. Ndani ya koti, mchi. Ardhi ilikuwa laini. Kigingi cha kwanza kilitoka kama jino la mtoto. Nikakishusha karibu na ukingo. Kukipigilia kulihitaji kupiga magoti. Kupiga magoti kuliwezekana. Kusimama hakukuwezekana.

Nilikaa hivyo mpaka Antipasi akapita na ng'ombe wake. Akauliza kama nimeshaanza kuhamia. Nikasema namsalimia mke wangu. Akasema dada yake hakuwa kiziwi, hakuna haja ya kumgongea kwa mchi. Hata hivyo alinishika kwapani, akaninyanyua, akanifuta tope magotini. Mikono yake inatetemeka kuliko yangu. Nilifurahi kuona hivyo. Naiandika kama dhambi ya pili.

Hakushuku lolote.

Kristina amewaambia majirani kwamba baba yake siku hizi anasali hadi hawezi kuinuka. Wameguswa sana. Wameleta viazi.

Alhamisi, 14 Januari

Jambo la ajabu. Kigingi changu kimepanda mlima. Sasa kiko mbali na ukingo kuliko hata alipokiweka Bwana Udongo.

Nimelifikiria kisomi. Huenda udongo ukilowa unavimba, na ukivimba unasukuma vitu kwenda juu. Sijapata kusoma habari hiyo mahali popote, kwa hiyo huenda mimi ndiye wa kwanza kuigundua. Nimekishusha tena. Na cha pili. Na cha tatu, kwa kuwa nilishapiga magoti tayari.

Jumamosi, 16 Januari

Vyote vitatu vimepanda. Ugunduzi wangu umekufa mikononi: palikuwa na nyayo. Za katambuga za tairi, ya kushoto imekatika kisigino. Tarafa nzima inamjua mwenye katambuga hiyo.

Nikajificha nyuma ya ua wa minyaa nikangoja. Antipasi akaja na shoka, akang'oa kigingi, akaanza kukipigilia huko juu kwa kisogo cha shoka. Nikatoka na mchi wangu.

Nikamuuliza kama anataka dada yake achukuliwe na maji hadi bondeni. Akaniuliza kama mimi nataka tufukuzwe wote. Dereva mmoja wa lori kule Shelui amemwambia kwamba serikali ikiona ardhi imeharibika kupita kiasi inaifunga: marufuku kuchunga, marufuku kulima, marufuku hata kuzika. Ndiyo maana anavirudisha vigingi nyuma, korongo lionekane limetulia.

Nikasema dereva wa lori hajui udongo, anajua vumbi.

"Na wewe, Mwalimu, unajua chaki," akasema.

Basi kila mmoja akapigilia upande wake, mbele ya macho ya mwenzake, mpaka pumzi zikatuishia. Tukakaa chini, yeye huku na mimi huku, Lea katikati. Akasema Lea angetucheka. Nikasema angetunyima chakula. Nikamkumbusha jinsi kila barua ya uhamisho ilipokuja pampu ya baiskeli yangu ilivyokuwa ikipotea, na Lea akinisaidia kuitafuta kwa bidii sana. Antipasi akainamisha kichwa. Akasema pampu ilikuwa ikiletwa kwake na Lea mwenyewe, naye aliona huruma kuirudisha, maana dada yake alikuwa akilia.

Miaka yote sikujua. Nilimwambia ni mwizi.

Jumapili, 17 Januari

Kanisani. Niliomba msamaha kwa habari ya vigingi, kwa moyo wote. Baada ya ibada nilipitia kaburini nikashusha kimoja.

Jumanne, 19 Januari

Bwana Udongo amefika na utepe wake. Stefano akaniamkia shikamoo, akashika ncha ya utepe. Antipasi na mimi tulisimama mbalimbali kama watu wasiojuana.

Wakapima. Wakapima tena. Bwana Udongo akavua kofia. Kwa mvua yote hii korongo letu halijasogea hata kidogo. Nilivyovishusha mimi na alivyovipandisha Antipasi, vipimo vimerudi vile vile vya Novemba. Akasema kwa furaha kwamba hajawahi kuona korongo lenye tabia nzuri namna hii. Kuta za mawe zitajengwa kwa Fabiano, upande wa pili wa kilima. Fabiano hakuziomba. Amelalamika kwamba zitaziba njia ya mbuzi wake.

Stefano aliinama kutazama vichwa vya vigingi, vilivyopondwa vikatanuka kama uyoga. Akanitazama. Akatazama shoka la Antipasi. Halafu akaniamkia shikamoo mara ya pili, akaondoka.

Alhamisi, 21 Januari

Mvua kubwa jana. Pande la ardhi limeanguka. Nafasi kando ya Lea sasa inamtosha mtu mwembamba. Mimi ni mwembamba.

Tumeanza ukuta wenyewe. Antipasi anaburuta mawe kwa ng'ombe, mimi nayapanga, Kristina anapanda vipande vya minyaa ukingoni na kutugombeza. Akauliza, ukuta ukisimama, atakayelala pale ni nani. Antipasi akasema achukue atakayetangulia. Tukapeana mikono.

Nilifurahi moyoni. Kwa kifua changu hiki, hanifikii.

Jumapili, 24 Januari

Ukuta umestahimili usiku mmoja wa mvua. Lea yupo salama. Nilimshukuru Mungu nikiwa kitandani.

Lakini nimepata habari mbaya. Antipasi amelowa akibeba mawe, na sasa anakohoa. Kikohozi kizito, anasema Kristina, na homa. Nilikaa kitako papo hapo. Akitangulia, nimekwisha. Nimempelekea dawa yangu ya hospitali ya Kiomboi, chupa nzima, na blanketi langu zito, na asali. Nikamwagiza Kristina asimame hapo hapo mpaka mjomba wake ainywe. Kristina alitokwa na machozi. Anasema kweli ungamo limenibadilisha. Sikuona sababu ya kumsahihisha.

Jioni Antipasi ametuma majibu: bakuli la supu ya mbuzi, ya moto, yenye mafuta, na salamu kwamba shemeji ale apate nguvu. Nilikunywa yote. Supu nzuri sana. Kifua kimelegea, nimekaa bila kuegemea ukuta kwa mara ya kwanza tangu Krismasi.

Hapo ndipo nilipomshtukia. Anataka niishi. Mjanja mkubwa, anakohoa huku ananinenepesha, ili aniache hapa juu na yeye alale kando ya Lea.

Hanipati. Nimemwambia Kristina kesho jogoo achinjwe, supu yote iende kwa Antipasi, na asiondoke mpaka bakuli liwe tupu.