Jinsi Turubai la Goba Lilivyoinuliwa ili Sheria ya Nchi Ipite

Tulieni, enyi wakazi wa bondeni na wa mlimani, wenye hati na wenye karatasi ya mwenyekiti wa mtaa, mliojenga kwa ramani na mliojenga kwa kukisia. Punguzeni redio, epueni chungu jikoni, mpate kusikia habari za siku ile ambayo Mahakama, ikiwa na magurudumu yake na kiyoyozi chake, ilishuka Goba kwa utukufu mkuu ikazuiwa njiani na mapokezi yake yenyewe. Mimi ninayeandika nilikuwapo. Nilikuwa mjumbe wa kamati ndogo ya viti, na hasira niliyoipata siku hiyo bado ninayo, kwa hiyo hakuna nilichosahau.

Palikuwa na mtu mtaani kwetu, Mwalimu Revelian, Mwana wa Chaki, Mlezi wa Tarehe Zilizopita, aliyefundisha Historia sekondari mpaka akastaafishwa, naye asikubali kustaafu. Mtu huyo alipopata habari kwamba gari la mahakama litafika kwetu Jumatano, lisikilize mashauri papo hapo badala ya watu kuyafuata mbali, alitokwa na machozi. Nilimwona akijifuta kwa mkono wa shati. Kisha akaitisha kikao.

"Ndugu zangu wana Goba," alinena, amesimama ilhali sote tumeketi, "mnadhani jambo hili limezaliwa jana? Mfalme Henry wa Uingereza, wa pili kwa jina hilo, aliwapandisha mahakimu wake juu ya farasi, wakaizunguka nchi jimbo kwa jimbo, ili haki imfuate mtu kwao. Walipokaribia mji, sherifu, mkuu wa jimbo, aliwapokea kwa tarumbeta, na watu wenye mikuki wakawasindikiza. Wakaenda hivyo karne kwa karne, hata mwaka elfu moja mia tisa sabini na moja bunge lao likasema basi, yatosha. Jambo lililozimwa kwao leo linawaka kwetu. Je, tulipokee tukiwa na kandambili?"

Mama mmoja akauliza kama hao mahakimu wa farasi walipendwa. Mwalimu, kwa kuwa ni mtu mkweli hata pale ukweli unapomharibia hotuba, akajibu kwamba watu wa jimbo la Cornwall walipata kukimbilia msituni waliposikia wanakuja, maana mahakimu wale waliuliza kila kitu. Na kwamba kule Oxford, safari moja, homa ya magereza iliingia mahakamani ikaua wakubwa kwa wadogo, na kwa kuiogopa homa hiyo mahakimu wakawa wanashika maua yenye harufu mbele ya pua. Kikao kilisikiliza kwa makini, kikasikitika, kikaunda kamati.

Maana sisi ndivyo tulivyo. Mwingereza alipokea mahakimu kwa sherifu mmoja. Sisi tulikuwa na kamati ya mapokezi, kamati ndogo ya chakula, ya viti, ya mapambo, ya itifaki, na watu wawili wa kusuluhisha kamati hizo. Pakawa na risala. Pakawa na tarumbeta, zilizokodiwa kwa watu wa harusi. Pakawa na meza kuu yenye kitambaa kilichodariziwa na maua ya plastiki. Pakawa na glavu nyeupe, kwa kuwa Mwingereza alimkabidhi hakimu glavu nyeupe pasipopatikana mtu wa kunyongwa, na Mwalimu aliona kwamba kwa mahakama ya mwanzo, isiyo na uwezo wa kumnyonga mtu, hilo tulikuwa na uhakika nalo.

Pakawa pia na mkuki. Mkuki huo ulitoka uani kwa Mwajabu, nao ulikuwa mti mrefu wenye panda juu, ule wanaouinulia kamba ya nguo ili shuka zisiburuze chini. Mwalimu aliufunga utepe mwekundu akauita Mkuki wa Sherifu. "Nirudishie tu, Mwalimu," alisema Mwajabu. "Nguo zangu hapa zinalala mchangani."

Sasa mjueni Mwajabu, kwa kuwa habari hii ni yake. Ni mjane wa Salumu, fundi seremala, aliyelifunga kila dirisha la nyumba yao kwa mkono wake, na shauri la mirathi ya Salumu ndilo lililokuwa la kwanza siku hiyo. Shemeji yake, Suhaib, alidai kwamba nyumba ile ni ya ukoo, na alikwisha kumleta mnunuzi uani akapime kwa futi kamba huku watoto wakimtazama. Mnunuzi aliahidi kurudi Jumamosi na mashahidi. Mwajabu akithibitishwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi, hapana mtu angeuza hata tofali bila yeye. Asipothibitishwa kabla ya Jumamosi, angekuwa anatafuta chumba cha kupanga yeye na wanawe.

Na huyo Suhaib, wasomaji, alikuwa Bwana wa Maturubai. Hakuna harusi wala msiba upande wetu uliokosa kivuli chake. Alisimama kikaoni, mkono kifuani, akasema, "Mie kwa ajili ya sheria natoa turubai langu kubwa bure, na vijana wangu watalifunga." Tulimpigia makofi. Nilipiga hata mimi, na mikono yangu hii sijaisamehe.

Mwalimu akaagiza turubai lifungwe katikati ya njia, toka ukuta hata ukuta, palepale mahakama itakapopita kwenda uwanja wa ofisi ya mtaa, kwa sababu mgeni rasmi hapokelewi juani. Likafungwa, likalegea katikati kama tumbo la mtu aliyetoka karamuni. Kamati tano zililikagua. Hapana hata moja iliyouliza mahakama ina urefu gani.

Jumatano ikafika. Saa nne za asubuhi likaonekana likishuka mlima wa Goba, gari refu, jeupe, lenye ngazi ubavuni na kiyoyozi juu ya paa kama kilemba. Watu wa tarumbeta, ambao walijua nyimbo za harusi tu, wakapiga ule wa kumtoa bibi harusi. Na hapo yakatimia ya Cornwall mbele ya macho yetu: dalali aliyeuza kiwanja kimoja kwa watu wawili alikumbuka ana mgonjwa Kibamba, fundi wa mageti akaruka ukuta wa jirani, na mwenye baa aliyekuwa amekaa kiti cha mbele akakiacha kiti peke yake. Mwalimu alisimama katikati ya njia, mkuki mkono wa kuume, risala mkono wa kushoto.

Gari likasimama. Dereva, Godlisten, mtu wa maneno machache, akatoa kichwa dirishani.

"Shikamoo, mzee. Hapa hapapitiki."

"Marahaba, nahodha wa haki," akajibu Mwalimu. "Hupiti kwanza. Kwanza unapokelewa."

Hakimu akateremka, Mheshimiwa Sekela, mwanamke mwenye miwani na haraka. Akalitazama turubai, akakitazama kiyoyozi, akaelewa yote kwa mara moja, jambo ambalo kamati hazikuliweza kwa majuma mawili. "Naomba lishushwe," akasema. "Gari lazima lifike uwanjani, penye tambarare. Hapa mlimani halitulii, na lisipotulia sikai. Mchana nasubiriwa Kibamba. Nisipokaa hapa sasa, mashauri yenu yanasubiri ratiba nyingine, na sijui itakuwa lini."

Macho yote yakamgeukia Bwana wa Maturubai. Naye akatikisa kichwa kwa huzuni ambayo, nikiikumbuka, ilikuwa imefanyiwa mazoezi.

"Mheshimiwa, natamani," alisema Suhaib. "Ila vijana wangu wamefunga juu kabisa ya kuta, na ngazi wameondoka nayo. Wako kwenye shughuli nyingine. Na kukata haiwezekani. Atakayekata kamba yangu namshtaki, na bahati nzuri mahakama ipo hapa hapa."

Hapo ndipo nilipoelewa ukarimu wake, na nadhani wengi walielewa. Mwajabu alikuwa amesimama kando na wanawe, amevaa gauni lake jeusi la Idi. Alimtazama shemeji yake, kisha akautazama mti wake mkononi mwa Mwalimu.

Mwalimu Revelian, katika saa hiyo ya maangamizi, alifanya kile alichokijua. Alikunjua risala. "Mheshimiwa Hakimu," akaanza, "tangu enzi za Mfalme Henry..."

"Mwalimu," akasema Mwajabu, "naomba mti wangu."

"Mama, huu sasa ni Mkuki wa..."

"Naujua huo. Nauanikia nguo kila siku. Nipe."

Akampa. Na sasa, enyi kalamu, msinitupe, maana nalihadithia tendo lenyewe. Mwajabu, Binti wa Kamba, Mwinua Shuka, alikwenda mpaka meza kuu, kando ya njia, meza ambayo hapana mtu wa kawaida aliyewahi kuigusa ila kwa kuifuta vumbi; akavua viatu, akaweka maua ya plastiki chini taratibu, akapanda juu ya kitambaa kilichodariziwa. Mwenyekiti wa itifaki alishika kichwa. Akaunyanyua ule mti, akaitia panda yake kwenye kamba ya ukingo wa turubai, palepale lilipolegea, akasukuma juu kama asukumavyo kila asubuhi shuka za watoto zikiwa zimelowa. Turubai lile lililozitisha kamati tano likapanda bila kulalamika.

"Pita, kaka," akamwambia dereva.

Gari likajongea. Paa likaingia, kiyoyozi kikafika ukingoni, na ndipo adui alipojibu: upepo wa mlimani ukavimbisha turubai, kamba ikachomoka kwenye panda, ikanasa pembe ya kiyoyozi, na Sheria ya nchi ikakwama shingoni. Mwajabu aliisukuma tena, isitoke. Suhaib akakohoa kidogo. Nikasikia mtoto mkubwa wa Mwajabu akisema, "Mama, wataondoka."

Nami nitasema wazi kwamba wakati huo nilikuwa nimeshika kiti, na sikusogea. Aliyesogea ni Mwalimu. Aliitazama risala yake, kurasa zote zile alizoziandika kwa taa ya simu, umeme ukiwa umekatika. Akaikunja, akaitia mfukoni. Akavaa zile glavu nyeupe, kwa kuwa mti wa Mwajabu una vibanzi, akapanda meza kuu kwa goti moja kisha la pili, mzee wa watu, akashika mti chini ya mikono ya mjane.

"Wewe ongoza, mama," alisema. "Mie nitasukuma tu."

Wakasukuma pamoja. Kamba ikapanda, ikavuka pembe, ikakaa mgongoni mwa kiyoyozi, na turubai likaanza kuteleza juu ya paa kama shuka inayovutwa kitandani. Tarumbeta, ambazo hazikuagizwa na mtu, zikarudia wimbo wa bibi harusi. Gari likapita. Likafika uwanjani, likatua, ngazi ikashuka, mlango ukafunguka.

Shauri lenyewe lilikuwa fupi kuliko dibaji ya risala. Hakimu alimwuliza Suhaib ana shahidi gani wa nyumba ya ukoo. Suhaib akasema ukoo mzima unajua. Hakimu akauliza yuko wapi mmoja wao. Suhaib akatazama dirishani, nadhani akitafuta ngazi yake. Majirani watatu wakasema walimwona Salumu akijenga, na mmoja wao alimbebea mchanga. Mwajabu akathibitishwa kuwa msimamizi wa mirathi ya marehemu mumewe, akaulizwa kama ameelewa wajibu wake, akasema ameelewa. Aliposhuka ngazi alikaa kwenye kidato cha chini, akalia hapo mbele yetu sote, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mwalimu alimkabidhi Hakimu zile glavu, nyeusi viganjani kwa uchafu wa mti na vumbi la kamba. "Hizi ni nini, mzee wangu?" akauliza Mheshimiwa Sekela. Mwalimu akavuta pumzi. Niliona miaka yote ya Mfalme Henry ikimpanda kooni. Kisha akasema, "Ni desturi ya zamani, Mheshimiwa. Maana yake leo hakuna aliyenyongwa." Hakimu akazipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaondoka kwenda Kibamba, na wakati wa kupanda mlima gari halikuzuiwa na kitu, kwa sababu turubai lilikuwa limechanwa katikati na kiyoyozi likaanguka, na Suhaib alikuwa analikunja mwenyewe.

Basi na ijulikane kwa watakaozaliwa Goba na kwa watakaohamia, kwamba farasi wa Mfalme walikwisha kufa, na mikuki ya masherifu imo katika makumbusho, ila mti mmoja wenye panda bado uko kazini. Kamati ilipendekeza uwekwe ofisini kwenye kioo. Mwajabu alikataa kwa adabu, akasema ana nguo za kuanika. Jumamosi mnunuzi alikuja na mashahidi wake wawili na futi kamba yake, akakuta uani hapapitiki: shuka, magauni, sare za shule, zote juu, zote zikipigwa na jua, na katikati yake mti ule umesimama, utepe mwekundu bado shingoni. Mwajabu alitoka na beseni kiunoni, akamsalimu vizuri, akamwuliza amsaidie nini. Mnunuzi akasema alikuwa anapita tu.