Tenti ya Kulinda Kivuli

Jumatatu, 6 Oktoba. Asubuhi ya mawingu na manyunyu, kisha jua la kuchoma.

Amerudia! Mzee Nicanor wa nyumba ya chini ameweka tena pikapu yake ya samaki pale langoni, chini ya kivuli cha mabati. Kivuli ni kimoja tu katika fleti zote za Upendo, na mtaa mzima wa Suna unajua nani anakihitaji. Mimi! Naoka keki za harusi. Keki ikipanda gari lililoshinda juani, sukari ya juu inalegea na ghorofa zinainama. Ile ya Rongo ilifika imeinama kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Bwana harusi aliishikilia kwa mkono mpaka picha zikaisha.

Nilimwendea kwa adabu. Nikamwambia mzee, samaki wako wamekwisha kufa, jua haliwasumbui tena. Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akasema hata samaki aliyekufa anapenda kivuli, nyaminwa, na kwamba yeye hufika kutoka Homa Bay mimi nikiwa bado nakoroma. Sikoromi! Na hilo la kuniita dada yake kwa Kijaluo! Dada gani anayekanyaga maji ya samaki kila akitoka?

Nikapeleka mashtaka kwa Mwalimu Phelesia, mwenyekiti wetu. Akasema tuliponunua fleti kila mmoja alipewa nafasi moja ya gari, lakini kivuli hakikuandikiwa mtu. Mkutano wa Jumapili utaamua. Mpaka hapo, anayewahi ndiye anayepaki.

Wiki ijayo napeleka Homa Bay keki ya ghorofa tano, harusi ya binti ya Mama Celestine. Nyuma ya huyo kuna mabinti wengine watatu hawajaolewa. Keki ikifika imesimama, nina kazi ya miaka. Ikiinama, nimekwisha. Kwa hiyo kivuli ni changu, hata kama mkutano bado haujajua.

Jioni pikapu ikatoka. Nikaweka kiti cha plastiki katikati ya nafasi, na karatasi: IMEHIFADHIWA. Nimelala saa nne.

Jumanne, 7 Oktoba. Jua tangu mapema.

Kiti nimekikuta kimesogezwa pembeni. Mzee Nicanor amekikalia, anakunywa chai, pikapu iko kivulini. Akanishukuru kwa kumhifadhia mahali pa kukaa. Motari, bawabu wetu, akageukia ukuta ili nisimwone akicheka. Nilimwona mabega.

Adhuhuri mzee akaenda sokoni. Nikaingiza gari langu hapo hapo! Raha iliyoje. Kisha nikakumbuka nina keki ndogo za kupeleka shule moja upande wa Isebania. Nikitoka, nafasi inakwenda. Nikafikiri vizuri, nikaita bodaboda. Gari likakaa kivulini mchana kutwa. Keki zikaenda juani, juu ya magoti yangu, kwenye barabara ya matuta. Mwalimu aliyezipokea aliuliza kama ni maandazi ya aina mpya. Nimesema ndiyo.

Nililazimika kulitoa gari jioni kwenda kuchukua unga. Sikukawia hata kidogo. Niliporudi, harufu ya samaki ilinipokea langoni.

Nimelala saa tano, nimeuma meno.

Jumatano, 8 Oktoba. Mawingu mazito, mvua haikunyesha.

Nimepata dawa!

Nikitoka mjini nilikuta tenti ya matanga imefunga nusu ya barabara. Malori yakipunguza mwendo, madereva wakivua kofia, hakuna hata mmoja aliyepiga honi. Hata wale vijana wa bodaboda walizima muziki! Nikakaa ndani ya gari nikatazama. Hapa kwetu unaweza kubishana na mwenye kiti, na mwenye karatasi, na mwenyekiti. Nani amewahi kubishana na tenti?

Nikaenda kwa Omwenga anayetunza vitu vya kanisa letu. Nikamwomba ile tenti nyeupe. Akauliza kuna nini nyumbani. Nikamwambia jua ni kali. Ni kweli, jua ni kali. Mimi ni Msabato, siwezi kusema uongo. Akanitazama sana, akanishika bega, akanipa na viti bila mimi kuomba.

Mpango: gari langu ndani ya kivuli, tenti mbele yake kama pazia. Nikitaka kutoka, nafungua upande mmoja. Mume wangu Simeon sijamwambia. Yeye yuko Homa Bay, ofisi za kaunti, hurudi Ijumaa kabla ya Sabato. Ni shemasi, na mashemasi huuliza maswali mengi.

Jioni pikapu ilipotoka, nimeingiza gari na kusimamisha tenti. Nimelala saa tatu, kama mtoto.

Alhamisi, 9 Oktoba. Asubuhi angavu, upepo mwanana.

Ushindi! Pikapu ilifika langoni, ikasimama. Mzee Nicanor akashuka. Akaiona tenti. Akavua kofia. Akarudi nyuma taratibu, akapaki nje barabarani, juani. Nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni, nikapiga makofi bila kutoa sauti.

Saa tatu wakaja akina mama. Mwalimu Phelesia mbele, leso kiunoni, sukari mkononi. Akanikumbatia, akasema pole, Mama Keki, Mungu ndiye ajuaye. Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Kwetu mtu aliyefiwa haulizwi, anangojewa mpaka aseme mwenyewe. Sasa mimi ningesema nini? Sikusema uongo. Nilinyamaza. Walipoona nimenyamaza wakalia zaidi, wakisema huyu limempata zito.

Adhuhuri kulikuwa na maziwa, kuni, majani ya chai, na kuku wawili waliofungwa miguu. Majirani wa fleti za upande wa pili walileta masufuria yao. Wamekaa chini ya tenti yangu, viti mpaka kwenye bampa ya gari langu. Magari yao yamejaza uwanja wote. Nilihitaji kwenda kununua siagi. Nilipogusa mlango wa gari mama mmoja alinishika akanikalisha. Akasema kaa, mama, wewe leo huendi popote, siagi ya nini na moyo umevunjika?

Jioni akarudi Mzee Nicanor. Ana samaki, mbuta mkubwa kama mtoto wa darasa la tatu, amembeba mwenyewe kifuani. Ana jenereta na taa. Akaniambia, nyaminwa, lile jambo la kivuli tulisahau, kwani gari ni nini? Macho yake yalikuwa mekundu. Sikumpenda kabisa wakati huo. Mtu akikutendea ubaya, unajua pa kumweka. Huyu sasa nimweke wapi?

Kesho nitawaambia ilikuwa kosa la mpangilio. Nimelala saa saba, baada ya wimbo wa mwisho.

Ijumaa, 10 Oktoba. Mvua ya alfajiri, kisha tope.

Sikuwaambia. Kwaya ya parokia ya Mzee Nicanor ilifika kabla sijanawa uso, wamevaa sare. Utawaambia nini watu wenye sare?

Saa kumi jioni Simeon akashuka kwenye bodaboda pale langoni. Mimi nilikuwa jikoni namimina chai. Nasimulia nilivyosimuliwa. Aliona tenti. Aliona kwaya. Aliona viti vimeegemea gari langu, na mimi sipo. Mfuko wake ukaanguka topeni. Akalia kwa sauti ambayo Motari anasema hajawahi kusikia kwa mwanamume mwenye tai. "Bochaberi wangu! Bochaberi, umeniacha na nani? Hata nguo zangu za Sabato hujazipiga pasi!"

Nguo! Mimi nimekufa, na yeye anawaza pasi!

Wakamkamata mikono. Wakaambiana kumbe aliyefiwa ni Simeon. Hapo nikatokea na sinia ya chai. Akaniona. Akarudi nyuma mpaka akakalia ngoma ya kwaya, ikapasuka. Kisha akaja mbio akanishika mkono, akaushika kama mtu anavyoshika mfuko wake sokoni, hakuuachia.

Akauliza, basi amekufa nani? Watu wote wakanigeukia. Ni yeye tu aliyekuwa na haki ya kuuliza, na ameuliza mbele ya watu.

Nikasema hakuna aliyekufa. Nikaeleza kuhusu keki na jua. Nilieleza kwa utaratibu mzuri, tangu ile ya Rongo. Sijui ni nani alianza kukunja kiti. Nilisikia kimoja, halafu vyote. Mwalimu Phelesia alifungua leso kiunoni akaikung'uta vumbi upande wangu. Hakuna aliyechukua sukari yake wala kuku. Chakula cha matanga hakirudi nyumbani. Mzee Nicanor ndiye aliyebaki mwisho. Hakufoka. Ningependa angefoka. Alisema, "Mama Keki, umekipangia kifo viti bila kukipa mtu. Sasa kitamtafuta nani?" Akabeba jenereta lake akaenda.

Ushirikina mtupu! Nilitaka kuing'oa tenti hapo hapo. Jua likazama. Sabato imeingia, hakuna kazi. Imebaki imesimama, haina mtu, inapigapiga kwa upepo. Simeon hajaachia mkono wangu. Naandika kwa mmoja. Nimelala saa sita.

Jumamosi, 11 Oktoba. Asubuhi nzuri isiyostahili. Naandika baada ya jua kuzama.

Kanisani, wakati wa matangazo, Omwenga alisimama akaomba kanisa limkumbuke dada Bochaberi aliyefiwa. Kanisa zima likasema pole. Simeon, shemasi, mwenye suti isiyopigwa pasi, alisimama akasahihisha. Alisahihisha kwa kirefu. Sioni kwa nini alitaja kuku.

Jioni tumeiteremsha tenti wawili. Hakuna jirani aliyeshika hata kamba. Wanawake waliopita walivuka upande wa pili, wakiwavuta watoto. Mtu angedhani nina surua!

Simeon amesema nitembee nyumba kwa nyumba niombe msamaha, nianze na Mzee Nicanor. Nimemwambia nitalifikiria. Nimelifikiria. Nimelala saa tatu.

Jumapili, 12 Oktoba. Mawingu asubuhi, jua adhuhuri.

Mkutano. Nilikwenda nimejiandaa kwa vita. Kabla sijafungua mdomo, Mzee Nicanor alinyoosha mkono akapendekeza kivuli cha langoni apewe Mama Keki. Daima! Mikono yote ikapanda. Yote! Hata ya Motari, na bawabu hana kura. Mwalimu Phelesia akaandika jina langu kwenye kitabu.

Nilisimama nikawashukuru. Nikasema haki imetendeka. Hakuna aliyepiga makofi. Ndipo mwenye nafasi iliyo jirani na kivuli akaomba ahamishwe. Na aliyefuatia. Mzee Nicanor akaeleza kwa upole kwamba yeye hata akipewa bure hapaki pale, kwa sababu gari litakalolala mahali pa matanga yasiyo na maiti litaenda kuitafuta maiti hiyo lenyewe barabarani. Hata Simeon, shemasi mzima, akaangalia viatu.

Sijali! Niliingiza gari. Kivuli safi, hewa safi, nafasi kila upande. Nilikaa ndani ya gari langu nikafurahi kwa muda. Nilikaa kidogo tu. Kulikuwa na baridi.

Saa kumi simu ikalia. Mama Celestine, Homa Bay. Habari imekwisha vuka kule na pikapu ya samaki. Akasema ananipenda, lakini keki ya binti yake haiwezi kuletwa na gari linalolala matangani. Nikamwambia gari limelala pale kwa mara chache tu. Akasema moja inatosha, nyathina, mwanangu. Nikamwambia Wakristo hawaamini mambo hayo. Akasema ni kweli, hawaamini, na ameshampata mwokaji mwingine Migori. Ghorofa tano! Mabinti watatu!

Simeon amenisikiliza. Akarudia: nyumba kwa nyumba, Bochaberi. Anadhani shida ni watu kukasirika. Shida si watu! Shida ni kwamba mahali pale pana jina la msiba. Kinachotakiwa ni kupabadilishia jina.

Nimekwisha kaa chini nikapanga. Omwenga hatanipa tenti, lakini kule sokoni wanakodisha zenye riboni. Nyeupe na waridi. Maua kwenye nguzo, muziki kidogo, na keki kubwa mezani, ambayo ninaweza kuoka mwenyewe. Nitavaa gauni langu la buluu. Watu watakuja, watakula, watacheza, na kivuli kitakuwa mahali pa harusi. Mama Celestine atasikia kabla ya Ijumaa. Wakiuliza anaolewa nani, sitasema uongo. Nitanyamaza.

Nimelala saa nne kasoro robo, nikiwa na amani kabisa.