Kuhusu Mzamiaji Aliyefupisha Fungate Yangu

Kwa Ndugu Mkuu wa Ukaguzi wa Meli,

Pokea salamu za mwanamke mwenye furaha kupita kiasi. Siku kumi na tisa zilizopita niliolewa na fundi wa injini wa ile meli nyekundu ya mizigo, mwanamume ambaye akicheka hata sufuria zangu zinang'aa. Siku ya pili akasafiri. Sikulia, kwa kuwa nilipokuwa nafua shati lake nilikuta mfukoni ratiba yenu: ikirudi, meli itapandishwa chelezoni, itolewe majini wiki tatu, ikwanguliwe, ipakwe rangi. Nikanyamaza, nikashona mapazia, nikajipangia fungate.

Kumbe mmebadili! Leo asubuhi ameshuka mzamiaji na kamera, anaikagua ikiwa humo humo majini. Inakaa muda wa saa sita tu, kisha inaondoka. Nalalamika hivi:

1. Fungate ya saa sita haijapata kusikika. Hata wakwe wakija kunywa chai hukaa zaidi.

2. Mimi nikienda hospitali naambiwa vua viatu, panda kitandani, toa ulimi. Meli yenu inakaguliwa imesimama, imejifunika bahari hadi kiunoni. Huo ni ukaguzi au kuchungulia dirishani? Tena nasikia mzamiaji huipiga tumbo lake picha mia mbili, kila chaza na kila kovu la kutu. Picha zangu za harusi ni kumi na moja, na katika nne shangazi amemziba bwana harusi.

3. Mnasema mnaokoa muda. Wa kwenu umeokoka, wa kwangu umezama.

4. Kwa hiyo itungwe sheria: meli yoyote yenye bwana harusi ipande chelezoni mara moja, iwe nzima iwe mbovu. Wakiwa wawili, ikae miezi miwili. Mkikosa sababu ya kujaza kwenye fomu, andikeni kwamba inaegemea kushoto. Niko tayari kuapa. Mama mkwe anasema, "Mwanangu, meli haijaegemea, ni wewe unayepinda shingo kumtafuta mumeo." Lakini mama mkwe si mtaalamu.

Nisalimie wakaguzi, makarani, na mkeo, ambaye bila shaka anakuona kila jioni.

Mwenye mapenzi tele na haki zaidi,
Mke wa Fundi wa Injini

Nyongeza: Mume wangu yuko hapa tangu saa tatu. Kumbe mzamiaji akiwa chini injini huzimwa, na fundi huruhusiwa kutoka. Nilimwambia akae kitini asinisumbue, naandika jambo kubwa kwa ajili yetu. Sasa ameisoma barua. Anasema, "Mke wangu, nani kakudanganya? Meli ikiwa chelezoni tunafungua injini yote. Safari iliyopita nililala juu ya turubai wiki tatu, nyumbani sikukanyaga."

Basi ndugu yangu, nakusihi, usiipandishe popote. Ila mzamiaji ashuke tena kesho, kuna upande hajautazama vizuri. Zimebaki dakika arobaini. Naweka kalamu chini.