Fuateni Gurudumu Langu la Nyuma

Jumatatu, 21 Oktoba

Asubuhi njema. Nimewafikisha shule watoto tisa, baiskeli sita, machozi mara moja tu. (Mapalo, miaka sita. Kiatu kilipotea. Kilikuwa mguuni.)

Kanuni yangu ni moja: njia nzima, macho kwenye gurudumu langu la nyuma, na mtu asiulize kitu. Mizigo naibeba mimi. Mabegi tisa, majembe manne ya bustani ya shule, mafagio, mpira. Mtu aliyebeba chisense, wale samaki wetu wadogo, kutoka ziwani hadi sokoni miaka saba, atashindwa na madaftari? Nafunga kwa mipira ya chubu za baiskeli, kwisha.

Kamati ya wazazi ina kizibao kimoja cha manjano, kile kinachong'aa. Ijumaa watampa kiongozi bora wa watoto. Ni changu! Tatizo ni jirani yangu Webby, naye anakitaka. Ana baiskeli mpya ya gia. Ana kengele. Ana kioo cha kujitazama. Yeye anasema ni cha kutazama nyuma.

Jioni Mama Mujinga aliniita pembeni. Binti yake Luse ataanza mtihani wa darasa la saba Jumatatu ijayo. Alisema hataki hadithi: mutoto awe kwenye kiti mbele ya kengele kulia. Nikaapa kwa baiskeli yangu.

Jumanne, 22 Oktoba

Mwalimu wa Mapalo amelalamika kwamba daftari la hesabu linanuka samaki. Tena paka wawili wanatufuata hadi shuleni. Webby aliwahesabu kwa sauti, kina mama wakisikia.

Nikafua lile gunia langu la samaki ninalotilia mabegi, kwa sabuni ya unga. Mpango safi! Sikungoja likauke. Sasa madaftari yananuka samaki na yanatoa povu, na paka ni watatu.

Jumatano, 23 Oktoba

Ee Mungu wangu.

Tulifika njia panda. Kushoto shule, kulia ziwa. Huko chini mtu akapiga kelele kwamba mitumbwi ya samaki ya kisiwa cha Chisenga imefika. Anayejua kazi yetu anajua: wa kwanza anachagua samaki, wa mwisho anachaguliwa na nzi. Sikuamua kitu. Miguu iliamua.

Nilikuwa nimeshaliweka beseni la kwanza la samaki kifuani, ndipo nikatazama nyuma. Watoto tisa, mstari mmoja ulionyooka, macho yote kwenye gurudumu langu. Njia nzima hakuna aliyeuliza. Nidhamu ya ajabu! Mapalo peke yake alivunja kanuni. Aliuliza kama shule imehamia hapa.

Tuliingia shuleni saa tatu na nusu. Jembe moja lilibaki ziwani. Mwalimu mkuu alinitazama, kisha akawatazama paka, kisha akaandika barua. Webby alikuwa amewafikishia kina mama habari hata kabla sisi hatujafika darasani. Gia zinafanya kazi, nakubali.

Ijumaa, 25 Oktoba

Kikao cha kamati nyumbani kwa Mama Mujinga. Nilijitetea kwamba hakuna mtoto aliyepotea, wote walikuwa nyuma yangu muda wote. Wakasema ndiyo hiyo shida yenyewe.

Mama Mujinga hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema siku ya kukimbia vita na kuvuka ziwa kuja hapa kambini Kenani aliacha sufuria, akaacha cherehani, akabeba Luse na karatasi zake za shule ndani ya plastiki. Hivyo tu. Kama Luse angechelewa siku ya mtihani, alivuka kwa ajili ya nini?

Nilitazama viatu vyangu. Nilivuka ziwa hilohilo, mwaka uleule. Mimi nilibeba baiskeli.

Webby anaanza kuwaongoza watoto Jumatatu. Kizibao amepewa. Sijali.

Najali sana.

Jumapili, 27 Oktoba

Webby amevaa kizibao kanisani! Aling'aa kuliko mchungaji.

Jana nilifunga mto wangu wa kulalia kwenye karia, pale pa mizigo nyuma ya baiskeli, nikauzungusha uani, mikono isije ikasahau kazi. Mapalo alinikuta. Aliuliza kama gurudumu langu la nyuma linaumwa. Nikasema kidogo. Akalipapasa, akaenda zake.

Nyumba ilibaki kimya. Sina mke, sina mtoto, nina paka watatu wasio wangu. Nawapenda wale watoto. Basi, nimeandika.

Jumatatu, 28 Oktoba

Siku ya mtihani. Mpango: kuwafuata kwa mbali, nimevaa kofia ya shemeji, najificha kwenye majani kila wanaposimama. Mpango haukuwa na kasoro, ila paka.

Baiskeli ya Webby haina karia. Aliitoa ili ipendeze. Kwa hiyo kila mtoto abebe begi lake mwenyewe. Karibu na njia panda mkanda wa begi la Luse ukaingia kwenye spoku. Akaanguka. Hakuumia, lakini gurudumu la baiskeli yake lilipinda kabisa. Luse hakulia. Alitazama jua lilipofika, na hapo ndipo midomo ilianza kumtetemeka.

Webby alitazama baiskeli yake. Gia ishirini na moja, mahali pa kupakia mtoto hakuna. Kisha akaniita, wala hakugeuka: "Ba Octave, toka mule mu majani! Kuja ubebe mutoto!"

Kumbe alikuwa akiniona tangu nyumbani. Kile kioo!

Luse juu ya karia, begi kwenye gunia, nikakanyaga kwa nguvu zote. Njia panda. Na huko chini, shetani hana likizo: mitumbwi ya Chisenga! Usukani ukaanza kwenda kulia wenyewe. Ghafla mikono miwili ikaniziba masikio kutoka nyuma. Ikaziba, ikashika, ikazungusha kichwa changu upande wa kushoto. Baiskeli ikafuata kichwa.

Luse alikaa kwenye kiti, kisha kengele ikalia. Nilimwona dirishani akitoa penseli. Nikalia kidogo. Webby alifika akihema na wale wengine wote, akaniuliza nina nini. Nikasema vumbi. Akasema na yeye vumbi limemwingia.

Ijumaa, 1 Novemba

Mtihani umekwisha. Luse aliwahi kiti kila siku. Leo Mama Mujinga ameniletea vitumbua kumi na viwili, vya moto, akaniita kaka. Mimi naye tulikula, Webby tukampa viwili.

Kamati imeamua. Mimi mbele na mizigo. Webby nyuma na kizibao chake na kioo chake. Sharti ni moja: kila siku mtoto mmoja akae kwenye karia yangu anizibe masikio njia panda. Amechaguliwa Mapalo. Anatembea mtaani amejaa cheo. Waliniuliza kama nimejifunza. Nikajibu nimejifunza kabisa, nikaapa tena kwa baiskeli.

Jioni tulifanya mazoezi, Mapalo na mimi. Anabana kwa moyo wote, ulimi nje. Lakini mikono yake ni midogo. Sikio la kulia, la upande wa ziwa, linasikia vizuri tu.

Jumatatu tutaondoka nusu saa mapema. Nimewaambia watoto wasiulize.