Gari Jekundu Lililopangwa kwa Alfabeti

Jumatatu, tarehe 4

Zimebaki siku tano. Jumamosi, saa sita mchana, binti yangu atashuka kwenye treni baada ya miaka minne ya masomo ng'ambo. Nitampokea mimi. Nitampokea kwa gari la spoti, jekundu, la viti viwili, paa la turubai likiwa limekunjwa nyuma na upepo ukipita juu ya vichwa vyetu. Nimekwisha kumwandikia. Barua imefika. Hakuna kurudi nyuma.

Gari liliingia uani jana alasiri. Daktari wa meno aliyeniuzia aliliendesha mwenyewe mpaka hapa. Lilikohoa mara mbili kwenye kona, likapiga chafya moja, likazimika taratibu karibu na kamba ya kuanikia nguo, kama mgeni aliyetoka mbali akaomba kukaa. Nilimwuliza kwa nini analiuza. Akasema kiuno. Kuingia anaweza, kutoka ni mpaka aite mtu.

Mke wangu amelizunguka mara moja. Aliuliza yeye atakaa wapi hiyo Jumamosi. Swali zuri. Nilikuwa sijalifikiria. Nilimjibu kwamba gari la spoti si basi. Aliingia ndani. Akiondoka hivyo, huwa ninakaa chonjo.

Niandike ukweli, maana shajara hii haisomwi na mtu. Siku binti yangu alipoondoka, nilichelewa stesheni. Nilikuwa karani mkuu wa masjala. Faili moja lilikuwa limepotea, nami sikuwa mtu wa kutoka ofisini faili likiwa limepotea. Nilipofika, niliona behewa la mwisho likikata kona. Aliyempungia mkono ni mjomba wake. Kwa miaka minne nimesikia habari za mkono huo kila tukikaa mezani.

Safari hii, mimi.

Jumanne, tarehe 5

Kuosha. Ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia. Sponji haliruhusiwi kurudi kwenye sabuni kabla ya kusuuzwa. Nimesoma. Maji ya kwanza yalitoka meusi, ya pili ya kahawia, ya tatu yalitoka na kipande cha rangi. Nimekitia katika bahasha.

Kisha nta. Taulo mbili nyeupe za mke wangu, mpya. (Nitazungumza naye kuhusu taulo wakati mwafaka.) Miduara midogo, mkono mwepesi. Ilipofika saa tisa, mlango wa kushoto ulikuwa umeamka. Mawingu yalianza kupita ndani yake bila haraka, na mimi katikati yao nimeshika taulo. Sijui nilisimama kwa muda gani. Nilijiona kijana. Nywele zilikuwepo.

Mke wangu alitokea akasema kwamba nimekuwa nikiuchekea mlango tangu chakula cha mchana, na kwamba ule wa kulia bado una tope. Nilimweleza kwamba upande wa kushoto ndio utakaoonekana na watu wa stesheni. Kazi hupangwa kwa umuhimu.

Jioni akapita shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Yule wa kupunga mkono. Ni mwalimu wa udereva, na hajapata kuchelewa popote. Mama mkwe husema hata kuzaliwa alitangulia siku tisa. Gari lake ni la kijivu, safi, lenye vioo vitatu vya ziada. Aliweka mikono nyuma, akalitazama langu.

"Shemeji, hili lina kasi kweli," akasema. "Linakwenda mpaka jicho halilioni likisogea."

Akacheka peke yake. Kisha akasema kwamba Jumamosi atakwenda stesheni naye, kwa tahadhari tu, endapo. Nilimwambia hakuna endapo. Lakini sikupenda alivyokitaja kile kikohozi cha kwenye kona. Nani kamwambia? Mke wangu alikuwa akitazama mawingu.

Gari halitakohoa mbele ya mtu huyu. Kesho nitafungua injini. Kidogo tu.

Jumatano, tarehe 6

Siku tukufu.

Nimefungua injini. Kisha, kwa kuwa spana ilikuwa mkononi, nimefungua viti, milango, taa na vyuma vya paa. Mtu asiyejua kazi angetupa vitu ovyo. Mimi nimetumikia masjala miaka thelathini na mmoja. Kila kilichotoka nimekiandikia kadi, nikakipanga kwenye zulia la sebuleni kwa alfabeti. Bolti zote, ziwe za injini, za viti au za milango, zimekaa pamoja katika karai la kufulia kwenye B, kama ndugu waliotenganishwa muda mrefu. Kabureta na kebo kwenye K. Nati kwenye N. Plagi na pampu kwenye P. Sijaona mpangilio uliotulia namna hii tangu nistaafu.

Mke wangu alitaka kwenda jikoni. Aliuliza aweke mguu wapi. Nilimwambia apitie J, hapana kitu.

Ngozi ya viti ilikuwa imekauka. Nimeipaka glisirini ya mke wangu, chupa nzima. Imeinywa yote. Sasa inanukia kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Alasiri nilikiegemeza kiti kimoja mahali pake, nikaketi nyuma ya usukani. Mbele yangu hapakuwa na injini, wala taa. Palikuwa na ukuta wa jirani tu. Nikashika usukani. Ukuta ukasogea. Ikawa barabara ndefu iliyolowa mvua, miti pande zote mbili, jua limeinama upande wa binti yangu. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani. Aliuliza nani amelitengeneza gari zuri hivi. Nilibadili gia kabla ya kujibu, ili nisionekane ninajisifu.

Nilipozinduka, jirani alikuwa juu ya ukuta wake akinipungia mkono. Nilimpigia honi. Honi ilikuwa sebuleni, kwenye H.

Alhamisi, tarehe 7

Limetokea jambo dogo.

Asubuhi nilianza kurudisha vitu. Nikachukua kadi ya kwanza. Imeandikwa kwa mwandiko mzuri: Bolti, namba 1 hadi 143. Haisemi zimetoka wapi. Nimetafakari sana. Masjala, faili likirudi kwenye rafu yake, kazi imekwisha. Hakuna anayekuja kuuliza kabla ya hapo lilikuwa limekaza nini.

Nikampigia simu fundi makanika ambaye mtaa mzima humwita Polepole. Alifika saa nane. Alisimama mlangoni mwa sebule kwa muda, kisha akavua viatu, kama mtu aingiaye mahali pa msiba. Aliokota bolti moja kutoka kwenye karai, akaniuliza ni ya wapi.

Nikamwambia ni ya B.

Akairudisha. Aliuliza kama gari hili lilipoletwa lilikuwa linatembea. Nikasema ndiyo, ila lilikuwa likikohoa. Alikunywa chai aliyoletewa mpaka ikaisha. Kisha akageuka akazungumza na mke wangu, tena kwa sauti ya upole, akamweleza kwamba kikohozi kile kilikuwa plagi moja chafu. Kazi ya robo saa. Sasa ni kazi ya wiki tatu.

Nilimwambia Jumamosi, saa sita. Alicheka mpaka akashika ukuta. Ndipo nikamweleza habari za treni, na behewa la mwisho, na mkono uliopunga ambao haukuwa wangu. Sikukusudia kumweleza. Maneno yalitoka tu. Polepole aliacha kucheka. Ana mabinti watatu. Alikunja mikono ya shati, akakaa chini zuliani.

"Haya, mzee wangu," akasema. "Nisogezee hilo karai."

Vumbi limeingia uani mchana kutwa na kuganda kwenye glisirini. Viti vimeota manyoya. Sijali. Ukitazama kwa mbali, ni kama mahameli.

Ijumaa, tarehe 8

Polepole anaijaribu kila bolti katika kila tundu. Ana subira ya ajabu. Mimi nimekatazwa kugusa chochote. Nimeruhusiwa kung'arisha.

Nimeng'arisha. Mlango wa kushoto, miduara midogo, tangu asubuhi. Kufikia saa sita ulikuwa unawaka. Saa saba ulikuwa wa waridi. Saa nane, rangi ilikwisha kabisa mahali penye ukubwa wa sahani, na chini yake kukatokea kijivu. Kijivu kile kile cha gari la shemeji yangu. Nilirudi nyuma hatua kumi, nikafumba jicho moja. Nimeamua kwamba ni wingu.

Mchana binti yangu alimpigia mama yake simu kutoka mji wa bandari. Keshashuka melini, sasa anangoja treni. Nilisikia mke wangu akisema, ndiyo, lipo. Hapana, halijawa gari bado. Ndiyo, baba yako ni mzima, ila anazungumza na mlango. Kisha wakacheka pamoja, ng'ambo mbili za simu. Nilisimama kwenye J nikasikiliza kicheko kile. Hakijabadilika.

Saa kumi na moja Polepole alifunga boneti. Zimebaki bolti kumi na moja, springi moja, na chuma kimoja chenye umbo la sikio. Nilisema ni akiba. Polepole alisema gari haliweki akiba. Vyuma vya paa havikurudi, maana bolti zake zimetumika kwenye injini. Nimetazama juu. Anga ni safi.

Jumamosi, tarehe 9

Saa nne kasorobo shemeji yangu aliingiza gari lake uani, akaliegesha nyuma ya langu, ili amchukue mke wangu. Amevaa tai. Tulikubaliana: yeye abebe mama na mizigo, mimi nimbebe binti. Mgawanyo wa haki. Hata alinishika bega.

Saa nne na nusu nikawasha.

Liliwaka! Ndege waliruka kutoka kwenye waya. Polepole alipiga goti. Mke wangu, ambaye tangu Jumatatu hakulisifu gari hili hata mara moja, alisema, "Kumbe." Nikatia gia. Gari likaondoka, laini, kama maji yanavyoondoka kwenye beseni. Mita nane. Nikaingia kati ya nguzo za lango, jua usoni, barabara mbele yangu yote.

Likasimama. Halikukohoa. Lilinyamaza tu, kama mtu aliyesahau alichojia.

Gia imekwama. Breki zimekaza. Milango haifunguki, maana kila upande kuna nguzo. Uani kuna lango moja tu, na gari la shemeji yangu liko nyuma yangu. Polepole alisukuma. Shemeji akasukuma, akavua tai akasukuma tena. Ilikuwa saa tano, kisha saa tano na nusu. Mke wangu aliketi juu ya ndoo, mkoba mapajani, akisema mara kwa mara kwamba lilikuwa linatembea. Lilikuwa linatembea lilipokuja.

Ikagonga saa sita. Shemeji yangu aliitazama saa yake, akaitikisa. Kwa mara ya kwanza maishani amechelewa. Nilifurahi. Nilifurahi kwa muda wa dakika moja hivi. Kisha nikakumbuka ni nani aliyesimama stesheni na sanduku, akitazama kila gari jekundu.

Nilipanda juu ya kioo, nikashuka kupitia boneti, nikakimbia. Na nta mikononi, na taulo begani. Nina miaka sitini na minne. Sikufika hata nusu ya njia. Kwenye kona ya duka la viatu pikipiki ya kukodi ilinipita, ikasimama ghafla, na nyuma yake alikuwa binti yangu, amekumbatia sanduku. Amekonda kidogo. Nilitaka kusema yote. Nikanyoosha mkono tu, kuelekea nyumbani.

Alitazama mkono wangu ulikoelekea. Akaona gari, jekundu, langoni, halina paa, na nyuma yake mama yake na mjomba wake na Polepole wamepangana kama watu dirishani. Alishuka kwenye pikipiki. Alitembea, akapanda juu ya boneti na viatu vyake vya safari, akamkumbatia mama yake huku kasimama juu ya kiti, wote wawili wakilia, kisha akashuka akaketi upande wa abiria. Nikapanda nikaketi upande wangu. Wengine waliingia ndani kupika chakula cha jioni.

Nilimwambia nimechelewa tena. Nilimwambia ni jambo dogo, huenda ni kebo, nifungue tu boneti nitazame, dakika tano. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kivuto cha boneti. Akaushika.

"Baba, usifungue kitu. Tukae tu."

Tukakaa. Upepo ulipita juu ya vichwa vyetu, kama nilivyomwandikia. Mbele yetu barabara iliinuka, ikapotea kati ya nyumba, na juu yake mawingu yalikuwa yakisafiri upande wetu, kwa hiyo ilikuwa kama sisi ndio tunaokwenda. Alinisimulia chumba alichokaa, na dirisha lake, na mwaka wa kwanza ambao hakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Haya hakuyaandika katika barua. Tulikwenda mbali sana. Kisha alilala begani mwangu, nami sikusogeza hata kidole mpaka jua liliposhuka nyuma ya mapaa. Tulipoitwa kula, gauni lake lilikataa kuachana na kiti. Alicheka.

Jumapili, tarehe 10

Asubuhi tulivu. Polepole atakuja kesho na mnyororo. Binti yangu na mama yake wametoka kwa miguu, wameshikana mikono; kutoka ni kupanda boneti, na sasa wamezoea. Shemeji yangu amelala chumba cha wageni. Hakutaka kuliacha gari lake peke yake. Kusukuma kumemchosha, maskini, anakoroma.

Nimeyafikiri sana ya jana. Nimejifunza jambo kubwa, na ninaliandika hapa nisilisahau: kosa lilikuwa alfabeti.

Tena nimejisikia vibaya kwa ajili ya shemeji. Amepoteza siku yake na tai yake kwa sababu yangu. Jana alipokuwa anaingia, nilisikia breki zake zikilia, mlio mwembamba kama wa mbu. Yeye mwenyewe hawezi kuusikia, ameuzoea. Ufunguo ulikuwa mezani. Nilikusudia kutazama tu.

Sasa ni saa tatu. Magurudumu yametoka, viti vimetoka, vioo vyote vya ziada vimetoka, na injini imefika nusu. Nimevipanga sebuleni kwa uzito, nikitumia mizani ya jikoni: vizito karibu na mlango, vyepesi dirishani. Ni mpangilio mzuri kupita ule wa kwanza.

Kimya chumbani. Ameacha kukoroma. Nadhani anavaa viatu. Atafurahi.