Viazi Vyangu Kutangazwa Redioni

Ndugu Meneja wa Redio,

Natumaini hujambo, na paa la studio limeacha kuvuja. Mimi ni Verna Kettleson, mke wa mtangazaji wako wa besiboli, Duane. Enzi zake uwanjani, akishika gongo, alikuwa mpigaji wa kutisha: ama mpira unavuka uzio na kupasua kioo cha gari la mtu, ama anaukosa kabisa na kujizungusha mpaka anakaa chini. Magoti yalipomgomea, ukampa kipaza sauti. Hapo ndipo balaa langu lilipoanza.

Mchezaji wetu yeyote akivusha mpira uzio na kuanza kuzunguka vituo arudi kile cha mwisho, "nyumbani", kutupatia pointi, Duane hupiga kelele: "Verna, tia viazi jikoni, huyo anarudi nyumbani!" Naomba kwa heshima zote apigwe marufuku kunitaja, kwa sababu hizi:

1. Sina amani. Muuza nyama huniuliza, "Vipi Bi Verna, vimeiva?" Hata mchungaji, nimepiga magoti mbele yake kupokea mkate wa Bwana, alininong'oneza, "Leo vya kuponda au vya kukaanga?"

2. Viazi vyenyewe sipiki. Nusu ya mwaka Duane yuko safarini na timu, vilevile kama alipokuwa akicheza. Nimpikie nani?

3. Timu ikizidiwa, majirani huja kuchungulia dirisha la jiko langu. Jumamosi Bi Ardis wa ng'ambo ya barabara alinifokea, "Wewe mwanamke, watu tunafungwa na sufuria umeitundika ukutani!" Nikavichemsha. Tukashinda. Sasa nani ataamini kwamba sihusiki?

4. Kwa kuwa ushindi wa timu unatoka jikoni kwangu, ama kocha afukuzwe nipewe kazi yake, ama Duane anyamaze. Chagua.

Nisalimie wote hapo studio, hasa yule binti wa hali ya hewa anayenitabiria mvua siku za mechi, maana mechi ikiahirishwa napumzika.

Ni mimi, mwenye jiko lililozimwa,
Verna Kettleson (Bi)

Nyongeza: Kabla ya kuituma barua hii nilimsomea Duane kwa simu. Jana akanitii. Mpira ulivuka uzio, akasema tu, "Umetoka." Leo asubuhi Bi Ardis kabisha hodi na bakuli la tambi za kuoka, macho mekundu: "Pole, shoga yangu. Kakuacha lini?" Nilicheka mpaka nikakaa. Lakini jana, Ndugu Meneja, nilikuwa peke yangu mbele ya redio, mkono kwenye swichi ya jiko, nangoja jina langu, na halikuja. Iliniuma. Tafadhali mwamuru alirudishe leo jioni. Viazi nimeshamenya.